Nusu siku kwenye shantie ya hanga la chuma: utazame nini?

*"Jambo sana Papa Injinia. Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Shule yetu imepata ruhusa ya kutembelea shantie ya hanga la chuma kwenye barabara ya Kasumbalesa, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, kisha kila mmoja aandike ripoti. Wenzetu wa mwaka jana walirudi na picha zimejaa simu, lakini hakuna aliyeweza kueleza hilo hanga lilisimamaje. Nitazame nini, na nimuulize nani? Tena kuna jambo linanisumbua: mafundi wa mtaani kwetu wanalehemu kila kitu, milango, madirisha, hata sharpante (fremu ya paa) ya kanisa. Kwa nini kwenye mahanga makubwa wanafunga kwa buloni (bolti)? Ni mimi binti yako."*

Jambo sana, binti yangu.

Wenzako siwalaumu. Siku ya kwanza nilipoingizwa shantie ya chuma nilikodolea kreni macho kutwa nzima, na jioni baba aliponiuliza nimejifunza nini nikamjibu kwamba kreni ni ndefu. Kreni ni kama gari lililomleta bibi harusi: watoto wote wanalikimbilia, na bibi harusi anashuka hakuna aliyemwona.

Basi shika jambo moja, na mengine yote yatalifuata. Hanga ambalo halijamalizika halishikiliwi na vitu vilevile vitakavyolishikilia likiisha. Likiisha, kila fremu imefungwa na jirani yake, paa limefungwa, kuta zimefungwa, na upepo ukisukuma upande mmoja nguvu inasafiri mpaka ardhini kwa njia iliyochorwa kwenye plani. Leo njia hiyo haijakamilika. Leo kuna waya zilizovutwa kwa muda, vipande vya chuma vilivyochomekwa chini ya nguzo, kamba, pengine boriti moja bado inaning'inia kwenye ndoano. Hivyo ndivyo vya kutazama, vile ambavyo mwezi ujao havitakuwepo. Hanga lililokwisha utaliona siku yoyote ukiwa ndani ya teksi.

Kabla ya kwenda, chukua rula ya plastiki. Isimamishe mezani, uibonyeze kwa kidole upande wa ubapa: inakunjika. Ibonyeze upande wa ukingo: haitikisiki. Nguzo ya chuma yenye umbo la I ni ndugu wa rula hiyo. Profaili ya IPE 300, ambayo utaikuta sana kwenye mahanga ya kawaida, ina ukakamavu mara 14 hivi zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mhandisi anaipanga ili upande wenye nguvu ubebe fremu yenyewe, yaani nguzo mbili na boriti mbili zinazokutana juu kwenye kilele. Upande dhaifu unaelekea kwenye urefu wa hanga. Ina maana fremu moja ikisimama peke yake ni shujaa kushoto na kulia, lakini mbele na nyuma ni karatasi.

Hili sikulijua kwenye kitabu. Nilikuwa kijana, msaidizi tu, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua ambalo unalijua. Asubuhi tulisimamisha fremu mbili. Kreni ilikuwa ya kukodi kwa saa, mwenyewe alikuwa na haraka, tukaiachilia iende. Kati ya fremu ya kwanza na ya pili tulikuwa tumefunga pane mbili za juu basi, zile boriti ndogo zinazobeba bati, na nati za chini zilikuwa zimekazwa kwa vidole. Vyuma vya mshazari, vile ambavyo kwenye shantie wanaviita kontreventima, vilikuwa chini kwenye majani vikisubiri alasiri. Tukashuka kula. Bukari (ugali) haijaisha kwenye sahani, upepo wa kwanza wa mvua ukaja, vumbi jekundu likafunika kila kitu, tukasikia mlio kama mlango mkubwa unaofunguliwa polepole. Fremu zote mbili zililala kifudifudi, moja juu ya nyingine, kuelekea upande ule wa karatasi. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ya bukari tu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ukifika: je, ni kati ya nguzo zipi walianzia? Shantie inayojua kazi huanza na uwanda mmoja, yaani nafasi kati ya fremu mbili, wenye vyuma vya mshazari, msalaba wa X kwenye kuta na mwingine kwenye paa. Wanasimamisha fremu ya kwanza na kuishika kwa waya pande zote, wanasimamisha ya pili, wanafunga pane, wanafunga misalaba, wananyoosha kwa timazi au teodoliti, wanakaza. Sasa wana sanduku. Sanduku hilo linasimama lenyewe, na fremu zinazofuata zinaliegemea moja baada ya nyingine, kama watu wanaomshika mkono aliyekwisha kupata pa kukanyaga. Litafute sanduku hilo, ulichore, uandike ni uwanda wa ngapi kutoka mwisho.

Halafu shuka chini. Wageni wote wanaangalia juu, wewe piga magoti.

Nguzo ya chuma mara nyingi haikai juu ya zege moja kwa moja. Zege ilipomwagwa walizika ndani yake buloni ndefu, mara nyingi nne kwa kila nguzo, ncha zake zimetokeza kama vidole. Nguzo inakuja na bamba lililolehemiwa kwenye mguu wake, lina matundu, na matundu yanavaa vidole vile. Kati ya bamba na zege utaona pengo la sentimita mbili na nusu mpaka tano, likishikwa na vipande vya chuma au nati za chini. Pengo hilo si uzembe. Pale ndipo nguzo inapopandishwa na kushushwa kwa milimita mpaka isimame wima. Wakimaliza kunyoosha wanalijaza kwa mota ya saruji isiyosinyaa. Ukikuta bati tayari ziko juu ya paa na pengo bado ni tupu, unapitisha rula na inatokea upande wa pili, liandike. Usiseme kwa sauti mbele ya wageni, liandike tu, kisha uulize kwa adabu ni lini watajaza.

Hapo hapo chini tafuta dalili za ugomvi kati ya watu wa zege na watu wa chuma. Ugomvi huo uko kila shantie, tangu chuma na zege vilipooana. Kidole kimoja kimezikwa sentimita mbili nje ya mahali pake, bamba linakataa kuingia. Kazi safi ni kurudi kwa mhandisi na kutafuta suluhisho. Kazi chafu ni kuchukua shalimo (tochi ya gesi ya kukatia chuma) na kulichoma tundu mpaka liwe kubwa. Utalitambua kwa macho: tundu lililotobolewa karakanani ni duara kamili lenye ukingo mkali, lililochomwa ni yai lenye kingo nyeusi zilizoyeyuka kama mshumaa. Kwa buloni ya milimita 20 tundu la kawaida ni milimita 22. Buloni ya 20 ikicheza ndani ya tundu la 35, rondeli kubwa (kile kiduara cha chuma cha chini ya nati) iliyowekwa juu inaficha aibu, haiiondoi.

Kwetu Lubumbashi niongeze jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi: vichuguu. Uliza kama kulikuwa na kichuguu kwenye kiwanja kabla ya tingatinga kupita. Udongo wake si sawa na udongo wa pembeni (ndiyo maana tunaufyatulia matofali), na nguzo moja ikisimama juu ya kichuguu kilichosawazishwa, jirani yake juu ya udongo mwingine, zinaweza kushuka kila moja kwa kipimo chake.

Sasa swali lako la kulehemu, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani.

Usirudi Katuba ukawaambia mafundi kwamba lehemu ni dhaifu, watakucheka na watakuwa na haki. Lehemu nzuri ina nguvu kama chuma chenyewe. Hata hilo hanga utakalotembelea limejaa lehemu, ila zimefanyika mahali pengine. Tazama mwisho wa boriti: kuna bamba nene lililolehemiwa, lenye matundu sita au nane. Kazi hiyo imefanyika karakanani, kipande kiko mezani, fundi anakigeuza apendavyo ili mshono ulale chini ya mkono wake, hakuna upepo, hakuna mvua, na mkaguzi anaukaribia mpaka kwa pua. Juu ya shantie, mita nane hewani, fundi huyohuyo analehemu kichwa kikiwa kimepinda na upepo unampulizia. Tena kuna umeme wetu. Ukishuka katikati ya mshono, chuma kilichoyeyuka hakizami, kinakaa juu tu kama bukari iliyopoa kwenye sahani. Unaiona imeshika, unaigusa inabanduka. Kwa macho ya kawaida mshono huo na mshono mzuri ni mapacha.

Buloni haina siri kama hiyo. Soma kichwa chake. Utaona namba, 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo): 8.8 ni 800. Ile ya pili inakuambia ni sehemu gani ya hiyo inafikiwa kabla chuma hakijanyooka kiasi cha kutorudi: asilimia 80, yaani 640. Buloni moja ya milimita 20 ya 8.8 hukatika ikivutwa kwa karibu tani 20. Mhandisi hairuhusu ifike huko hata kidogo, lakini kipime kiwango hicho dhidi ya kitu unachokishika kwa vidole viwili. Buloni yenye kichwa kitupu, bila namba, ni mtu asiye na kitambulisho. Huenda ni mwema. Usimkabidhi paa.

Sababu ya pili ni barabara. Profaili zinauzwa mara nyingi kwa urefu wa mita 6 au 12, na lori linalovuka mpaka wa Kasumbalesa halibebi fremu ya mita 30 iliyokamilika. Lazima ije vipande, na vipande vilivyotobolewa kwa usahihi vinafungwa haraka kuliko kulehemiwa. Boriti ya IPE 400 ya mita 12 ina karibu kilo 800. Kila dakika inayoning'inia ni dakika ya hatari na ya kodi ya kreni. Kwa sharpante ya kanisa lenu, ikiwa ni ya mita chache na fundi ni mtu wa kuaminika, acheni roho zitulie.

Ukipata bahati ya kuona boriti mbili zikikutanishwa juu, usipepese. Kila fundi ana kle (spana) yenye mkia uliochongoka kama mkuki. Boriti inaletwa, kamba mbili zinavutwa kutoka chini isizunguke, mabamba yanakaribiana, matundu hayalingani. Fundi anachomeka mkia wa kle kwenye tundu moja, anautumia kama wenzo, anapinda mkono kidogo, na ghafla matundu mengine yote yanafunguka, unaona mbingu kupitia kila moja. Mwenzake anaingiza buloni mbili, anazungusha nati kwa vidole, kisha nyingine. Kreni haiachiliwi mpaka idadi waliyokubaliana imeingia. Hesabu ni ngapi.

Kukaza ndiko kuna elimu yake. Buloni nyingine hukazwa mpaka mabamba yagusane vizuri, basi, kazi yake ni kuzuia yasiteleze kama msumari. Nyingine huvutwa kwa makusudi mpaka zibane mabamba kwa nguvu kubwa, na ni msuguano wa mabamba unaobeba mzigo. Njia moja ya zamani na ya kuaminika: unakaza kawaida, unachora mstari kwenye nati na bamba, kisha unazungusha nati zaidi kwa kiasi kilichopangwa. Kwa buloni ambayo urefu wake ni mara nne mpaka nane ya unene wake, kiasi hicho ni nusu duru. Ukiona mistari ya rangi iliyokatika, nusu kwenye bamba na nusu imehamia upande wa pili, umeiona kazi hiyo ikiwa imefanyika. Ukiona chapa za rangi ya mkaguzi, uliza kila rangi ina maana gani.

Kiungo kimoja kichore kwa mkono wako mwenyewe, kwa vipimo. Kimoja tu. Unene wa bamba, idadi ya buloni, umbali kati yake, mshono uko wapi. Picha mia hazitakufundisha kama hicho kimoja, kwa sababu majengo ya chuma hayaanguki katikati ya boriti mara nyingi kama yanavyoanguka kwenye viungo. Mwaka 1981, tarehe 17 Julai, kwenye hoteli moja mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya kupitia watu yaliyoning'inizwa ndani ya ukumbi yaliporomoka, wakafa watu 114. Kwenye mchoro wa kwanza fito ndefu za chuma zilitoka darini, zikapita daraja la juu na kufika la chini. Wakati wa kutengeneza wakabadilisha: fito fupi mbili badala ya moja ndefu, ili kazi iwe rahisi. Kwa mabadiliko hayo kiungo cha daraja la juu kikawa kinabeba daraja lake na la chini pia, mzigo mara mbili. Fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameshika kamba. Sasa mwambie wa chini aachie kamba ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijali. Mikono ya yule wa juu ndiyo inayojali.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi wa shantie, si kapita (msimamizi wa mafundi): kitu gani kimebadilishwa tofauti na plani, na nani alisaini?

Jambo ambalo wanafunzi wengi wanaliandika kinyume ni lile la upepo. Wanaandika kwamba msingi unabeba uzito wa hanga. Ndiyo, lakini hanga ni jepesi. Bati ya unene wa nusu milimita, hayo manjanja yetu, ina uzito wa kilo nne au tano kwa mita mraba. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, kama ule unaotangulia mvua kubwa, una shinikizo la karibu kilo 50 kwa mita mraba hiyohiyo, na ukipita juu ya paa unanyonya kwenda juu, hasa pembeni na kwenye kona. Piga hesabu mwenyewe: siku hiyo hanga linataka kuruka. Zile buloni nne za mguuni zinavuta kushuka chini, na zege nzito iliyozikwa ni nanga. Tazama pia skurubu za bati: kwenye kona za paa lazima ziwe karibu karibu kuliko katikati. Kama nafasi ni sawa kila mahali, umepata aya nzima ya ripoti yako.

Na jua. Chuma cha mita 60 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi kinarefuka milimita 21 hivi. Ndiyo maana mpimaji mzuri hufika na teodoliti yake alfajiri, kabla upande mmoja wa nguzo haujaota jua. Ukimkuta saa tano anakunja miguu ya kifaa kwenda zake, si mvivu, kamaliza.

Mambo ya moto yapitie haraka, yana somo lake: inatosha ujue kwamba kwenye nyuzi 600 chuma cha ujenzi kimebaki na chini ya nusu ya nguvu yake.

Wa kuuliza, basi. Mkubwa wa shantie atawapa hotuba, msikilizeni. Dereva wa kreni muulize wakati amezima mashini, akuoneshe jedwali lake: utashangaa kwamba kreni ya tani 25 ikinyoosha mkono mbali inaweza isiinue hata tani 3. Lakini usikose magazinie, yule wa kibanda cha vifaa ambaye hakuna mgeni anayemsalimia. Ndiye anayejua buloni zipi zimepungua, zipi zimekataliwa. Na atakuonesha kwamba kila kipande kina jina lake lililogongwa au kuandikwa kwa rangi, herufi na namba, na jina hilohilo liko kwenye plani. Chagua jina moja. Likute kwenye rundo la chini, lifuate mpaka juu. Ripoti yako ianzie hapo.

Vaa viatu vigumu, nywele zifunge ndani ya kofia ngumu, kanga iache nyumbani siku hiyo. Usipite chini ya mzigo hata kama kapita mwenyewe anapita. Radi ikisikika kwa mbali shuka na toka kabla hujaambiwa.

Mwisho kabisa, ukimaliza kuchora lile sanduku, mwendee kapita umwoneshe zile waya za muda zinazovuta fremu, umuulize zitaondolewa lini. Akikujibu "Ijumaa", andika Ijumaa na uendelee na safari yako. Akikujibu "mpaka misalaba ya ule uwanda wa pili ikazwe na mpimaji apite tena", weka kalamu sawa, vuta tofali ukae karibu naye mpaka saa sita.